Bustani ya Gombe, mabwana shamba wake ni sokwe!

Mimi dada yenu wa huku Kasulu niko fiti kama chuma cha reli ya kati, na wiki hii nina la kuwapasha.

Kila nikikutana na mtu wa Dar swali lake ni lilelile: "Sasa dada, huko Kigoma mnatanulia wapi?" Anauliza huku uso umejaa huruma, kama mtu anayempa pole mfiwa. Yeye Jumapili ana boti ya Bongoyo au Mbudya. Mwenzake wa Unguja anavuka kwenda Changuu kutazama kobe. Mimi anadhani nashinda kibarazani nahesabu malori ya mahindi yanayotoka Kibondo.

Leo namjibu. Sisi tunayo bustani, bwana. Unaifikia kwa boti, unashinda humo, na jioni unarudi zako mjini. Inaitwa Gombe.

Najua umeshaanza kubisha. "Gombe si bustani, ni hifadhi ya sokwe, tuliisoma darasani." Hujakosea. Lakini vuta kigoda kwanza, ubishi utakuja baadaye.

SAFARI YA MCHANGO

Tulikuwa kumi na wawili, wengi wa Kasulu, watatu wa Kibondo. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200. Zamani ulikuwa unakula vumbi mpaka unafanana na tofali bichi. Siku hizi lami imetandikwa sehemu kubwa, mtu anashuka stendi ya Masanga akiwa bado anatambulika na ndugu zake.

Sasa sikiliza vizuri wewe mwenye mpango wa kwenda. Pale Kibirizi, pembeni kidogo ya Kigoma mjini, kuna boti za abiria zinazohudumia vijiji vya kaskazini. Hizo huondoka mchana na kurudi alfajiri. Ukipanda hizo ujue unalala huko. Ukitaka kwenda na kurudi siku moja, kusanya washikaji mkodi boti nzima, bei ni ya kupatana, na mkiwa wengi inashuka. Ndivyo tulivyofanya. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumesimama mchangani, dagaa wameanikwa kila upande, harufu yake hata huhitaji chai.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia nahodha.

"Marahaba wanangu. Mwakeye!" akajibu, halafu akatugawia majaketi ya kuokolea maisha. Dada mmoja kwenye msafara wetu, mwuza duka, mtu wa kupendeza, akakataa. Jaketi litamharibia blauzi. Mzee akazima mashine, akakaa, akakunja mikono.

"Binti, ziwa halitazami blauzi. Vaa tuondoke, au tushinde hapa tukinunua dagaa."

Blauzi ikafunikwa. Na mzee alikuwa na haki yake. Ziwa Tanganyika ndilo la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, mahali penye kina kikubwa kabisa ni mita 1,470. Ukidondosha simu humo, iage tu, usiiulizie.

Tukaelekea kaskazini. Mkono wa kushoto, ng'ambo kule, milima ya Kongo imejipanga rangi ya bluu. Mkono wa kulia vilima vya kwetu. Na hapo ndipo macho yalipoanza kazi. Kilima baada ya kilima, mihogo hapa, nyasi kavu pale, udongo mwekundu umechanika kwa mifereji ya mvua. Mti mmojamoja umesimama kama mtu aliyesahauliwa na basi. Tukapita kijiji cha Mtanga, halafu ghafla, bila hodi, msitu ukaanza. Kijani kizito kutoka ufukweni mpaka juu. Mpaka ulionekana wazi kabisa, kama kichwa cha mtu aliyenyolewa nusu halafu kinyozi akaitwa kwenye simu.

Wote tukanyamaza. Mshikaji wetu mmoja wa Kibondo, ambaye biashara yake ni mkaa, ndiye aliyevunja ukimya.

"Hapo peke yake kuna magunia mangapi?"

Tulicheka mpaka boti ikayumba. Lakini mkumbuke huyu jamaa, nitamrudia.

BUSTANI BILA MISTARI

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Bustani ya mimea ni nini? Wengi wanajua ile ya Amani kule Usambara, Wajerumani waliianza mwaka 1902. Waganda wana ya Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, iliyoanza 1898. Zote mbili zilianza kwa kazi ya serikali za kikoloni, miti ikaletwa kutoka pande zote za dunia ijaribiwe ipi italeta hela. Mpira, mkwinini, mdalasini, kila mti na mstari wake. Mingine ikatoroka. Mti unaoitwa Maesopsis ulipandwa Amani kwa nia njema, ukaingia msituni na mpaka leo wataalamu wanahangaika nao.

Gombe haina mstari hata mmoja. Waingereza waliifanya hifadhi mwaka 1943, na 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Ni ndogo, haifiki kilomita za mraba 60, kipande chembamba kilichobanwa kati ya ziwa na mlima. Lakini kwa udogo huohuo, ukitoka ufukweni ukapanda juu unapita duniani kote. Mabondeni kwenye vijito, msitu wa kijani ambao jua linaingia kwa kuomba ruhusa. Kwenye miteremko, miombo kama ile ya Kibondo. Juu kabisa mgongoni, nyasi tupu na upepo.

Tukashukia Kasekela. Wakatugawa makundi mawili maana hawaruhusu kundi kubwa kwa sokwe. Masharti: mita kumi usisogee zaidi, barakoa usoni, na mwenye mafua abaki chini. Mmoja wetu akaguna, kwamba sokwe wanadekezwa. Mwongozaji wetu, kijana wa Mwamgongo, kijiji cha jirani, akamweleza kwa upole kwamba magonjwa yetu ni yao. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, uliwapiga sokwe wa hapa, wengine wakafa, wengine wakabaki vilema. Aliyeguna akavaa barakoa yake kimya.

Mimi nilikuwa na karatasi mfukoni. Bibi yangu mzaa mama, hapa Kasulu, aliposikia nakwenda Gombe hakuniuliza habari za sokwe hata kidogo. Alinitajia miti, mmojammoja, nikaandika. Halafu akasema: "Ukiikuta, uisalimie."

Nikaanza kumsomea mwongozaji. Mninga? Ule pale. Mbula? Juu huko kwenye miteremko, matunda yake sokwe wanayapenda sana. Mgwiza? Tumesimama chini yake. Mabungo? Akacheka, akaninyooshea kidole kwenye mtambaazi uliopanda mti kama kamba ya meli. Ndiyo haohao mabungo ambayo wewe wa Dar unanunua juisi yake ukikunja uso kwa uchachu. Sokwe naye ni mteja.

Ndipo nikajua kitu ambacho darasani sikukisikia. Sokwe anapokula tunda la namna hiyo, mbegu nyingi anazimeza nzima. Anatembea, anavuka bonde, kesho asubuhi anaziacha mahali pengine zikiwa na mbolea yake kabisa. Hajasomea kilimo, halipwi mshahara, wala hagomi. Tini, mabungo na vingine vingi vinasafiri hivyo. Basi niambie wewe, bustani ni ipi kama siyo hii? Tofauti ni kwamba bwana shamba ana manyoya.

MCHIKICHI WA NANI?

Tulipanda kwa muda wa saa nzima, dada wa blauzi analalamika kila hatua ya tatu, mara mwongozaji akainua mkono. Kimya. Juu ya mchikichi, mama na mtoto wake. Mama anachomoa chikichi mojamoja, anatafuna, anafyonza mafuta, halafu makapi anayatema chini, pwaa! Vilevile kabisa kama watoto wa Ujiji. Mtoto ananyoosha mkono mdomoni kwa mama kuomba. Mama akajifanya haoni. Hapo wanawake wote tuliokuwepo tulicheka ndani ya barakoa.

Lakini mchikichi umefikaje msituni? Hapa ndipo pa kusikiliza. Asili ya mti huu ni Afrika Magharibi, na huku kwetu umekuwa mti wa watu, wa mawese na sabuni. Kabla Gombe haijafungwa kuwa hifadhi, mabonde yake yalikuwa na watu, na mahali walipokaa ndipo michikichi iliposimama. Watu wakaondoka, michikichi ikabaki, sokwe wakarithi. Kwa hiyo kati ya mabwana shamba wa bustani hii wamo na wazee wetu, ila hakuna kibao kinachowataja.

Kichekesho ni kwamba kusini kidogo, kule Mahale, michikichi ipo na sokwe wapo, lakini hawaigusi. Kila ukoo na mapishi yake! Watafiti wanasema hiyo ni mila, mtoto anajifunza kwa mama. Kama vile Mha na ugali wa muhogo, mwache tu.

Tulitazama kama nusu saa, wakashuka, wakapotea kwenye majani bila hata kwaheri. Tukaenda kunawa nyuso kwenye maporomoko ya Kakombe, maji baridi mpaka meno yanagongana.

Chini ufukweni tukaonywa tusile nje. Nyani wa pale ni vibaka wa kutupwa. Jamaa mmoja akatoa chapati "kidogo tu, nionje". Sekunde hazikupita. Nyani dume likamjia, chapati ikaenda, na mfuko ukaenda, na ndani ya mfuko kulikuwa na chapati zetu sote. Tulishindia karanga siku hiyo. Jina lake silitaji kwa sababu bado ananidai hela ya vocha.

DAWA CHUNGU

Tukitafuna karanga, mwongozaji akatupa kisa cha Mahale ambacho hata bibi nilipomsimulia alinyamaza kwa muda.

Mwaka 1987 huko Mahale sokwe jike aitwaye Chausiku aliumwa. Akawa analala tu mchana, hana nguvu. Akaenda kwenye kichaka fulani, akachuna tawi, akalimenya ganda, akatafuna kiini chake, akafyonza maji yake machungu. Sokwe kwa kawaida mmea ule hawaujali. Kesho yake akaanza kuchangamka. Aliyekuwa akimtazama ni mtafiti Michael Huffman pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye elimu ya mitishamba kutoka ukoo wake. Kalunde ndiye aliyeutambua mara moja: hii ni dawa, hata sisi tunaitumia kwa tumbo na homa. Mwaka 1989 wakaandika pamoja kwenye jarida la kisayansi, na dunia nzima ikaanza kuuliza kumbe wanyama wanajitibu?

Mmea wenyewe ni mubilizi, wasomaji wangu. Kama ulikulia Kibondo au Kasulu unaujua, upo uani, majani yake machungu kama deni. Bibi alikuwa ananikimbiza nao nikiwa mdogo. Mimi nilidhani ni adhabu.

Tena kumbuka, hao wenye maarifa hawakuwa wageni peke yao. Jane Goodall kila mtu anamjua. Alifika Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, mwaka huohuo akamwona sokwe aliyemwita David Greybeard akitumia kijiti kuvulia mchwa, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya maana ya kuwa binadamu. Alifariki Oktoba 1, 2025 akiwa na miaka 91. Apumzike. Lakini Hilali Matama unamjua? Alianza kazi ya kufuatilia sokwe hapo 1968. Na mwaka 1975, waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walipokuja usiku na kuwateka watafiti vijana wanne, wageni wakaondoka Gombe. Waliobaki wakapanda milima kila siku na kuandika kila kitu walikuwa Watanzania, vijana wa vijiji hivi. Bila wao daftari lingekatika.

SWALI LA MUUZA MKAA

Saa tisa alasiri mzee nahodha akatupigia mluzi, upepo haungoji mtu. Tukaanza kurudi, na vilima vitupu vikatokea tena, safari hii upande wa kushoto. Mshikaji wa mkaa alikuwa kimya muda mrefu. Halafu akasema:

"Mimi naomba kuuliza. Sokwe wana hifadhi. Mimi nina nini?"

Hakuna aliyecheka.

Akaendelea. Amemaliza kidato cha nne, kazi hakuna, shamba la baba wamegawana ndugu saba. Anachoma mkaa, anausomba kwa baiskeli. "Mnanitazama mimi kama adui wa miti. Mkaa wenyewe naula mimi? Unapanda lori unakwenda mjini. Wanaopikia ni ninyi."

Maneno hayo nayaleta kwako kama yalivyo, wewe uliyeko Sinza au Kirumba unayesoma gazeti hili huku maharage yanatokota.

Huku kwetu miti haikuisha kwa ubaya wa mtu mmoja. Mwaka 1993 vita vikalipuka Burundi, 1996 vikafika Kongo, watu wakamiminika. Kibondo ikawa na kambi za Mtendeli, Nduta na Kanembwa, Kasulu ikawa na Mtabila na Nyarugusu. Mkimbizi naye lazima apike. Mwenyeji naye anaongezeka, anapanua shamba. Jane Goodall alikuwa akisimulia kwamba aliporuka na ndege ndogo juu ya Gombe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliona kisiwa cha msitu kimezungukwa na vilima vitupu, akaelewa kwamba huwezi kumlinda sokwe wakati jirani yake ana njaa. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE vijijini: vitalu vya miche, mikopo midogo kwa akina mama, misitu ya vijiji.

Mzee nahodha, ambaye tulidhani hasikilizi, akapunguza mashine. Akaonyesha mteremko mmoja nje ya hifadhi, una kijani cha ujana ujana hivi.

"Pale hapakupandwa kitu," akasema. "Waliacha kukata tu. Mizizi ilikuwa hai chini. Kisiki ukikiacha, kinachipua chenyewe."

Ni kweli, miombo ndiyo tabia yake. Usiking'oe, usikichome, kipe miaka, kinarudi.

Mshikaji akatazama mteremko ule mpaka ukapotea. Hakuapa kuacha mkaa, na mimi sitakudanganya kwamba aliapa. Alisema tu kwamba kwao Kibondo kuna sehemu kando ya mto ina visiki vingi, na kwamba atazungumza na kaka zake wapaache pale peke yake. Maji ya vijito vyetu vingi vya Kibondo na Kasulu yanaingia Malagarasi, Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika. Udongo wa kilima chetu ukioshwa na mvua, ndiko unakokwenda, kwenye mazalia ya samaki. Kwa hiyo hata dagaa unayeletewa Dar ana neno la kusema kuhusu visiki hivyo.

Basi nenda. Raia halipi kama mgeni wa nje, ambaye kwa siku moja anatozwa dola 100 na kodi juu. Yako ni shilingi, tena kidogo, ila beba simu yenye hela ndani maana noti hawapokei. Vaa viatu vya kupandia, si vya disko. Chapati ziache mjini. Na kabla hujaondoka, muulize bibi yako majina ya miti. Mimi ya bibi yangu niliyakuta yote, nikayasalimia yote. Aliponiuliza mninga ule una unene gani, nikafungua mikono yote miwili, haikutosha. Akatabasamu, akasema alipokuwa msichana ulikuwepo kama huo nyuma ya nyumba yao.

Kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo nitawapeleka gulioni, na nawaahidi hakuna nyani. Kaeni salama!